Amekasirika, ao ni kelele ya mashini?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayemngojea nyumbani,

Simama jioni kwenye ukingo wa Lualaba, hapa Kindu, utazame ng'ambo ya Alunguli. Mtu anapunga mikono kwa nguvu. Amefurahi kumwona ndugu yake? Ao ameleta habari ya msiba? Macho yanaona mikono, lakini hayajui maana. Mtumbwi wako unapokaribia, sauti yake inakufikia, na papo hapo unajua: ni kicheko, ao ni kilio.

Usiku mambo yanageuka. Mama mmoja anapaza sauti katika lupango la jirani. Ni vigelegele ao ni maombolezo? Sikio halitoshi. Unatoka nje kwenda kutazama.

Ndivyo tulivyo. Moyo unapotaka kujua hali ya mwenzetu, unataka mashahidi wawili: jicho na sikio.

MASHAHIDI WAWILI

Wenye elimu wamelipima jambo hili. Mwaka 2000 Beatrice de Gelder na Jean Vroomen, waliokuwa wakifanya kazi Uholanzi, waliwaonyesha watu picha za nyuso, tangu uso wa huzuni mpaka uso wa furaha, huku wakiwasikilizisha sauti ya furaha ao ya huzuni. Waliwaambia: hukumuni uso tu, sauti msiijali. Lakini walishindwa kuiacha sauti kando. Sauti iliendelea kuvuta hukumu yao, hata pale walipoamriwa kutazama tu.

Wazee wa Maniema hawakungoja vipimo hivyo. Kwa Walega wa Pangi, katika chama cha Bwami, kinyago hakionyeshwi kimya. Kinatolewa pamoja na wimbo, mchezo na mithali. Daniel Biebuyck, aliyeandika juu ya Walega katika kitabu chake cha mwaka 1973, alieleza kwamba sanamu moja inaweza kubeba mafundisho mbalimbali, kufuatana na mithali inayoimbwa. Jicho linaona mti ao pembe ya tembo. Wimbo ndio unaoonyesha maana yake.

KAZINI SHAHIDI MMOJA ANAPOTEA

Sasa fikiri juu ya kazi yako. Kuna giza. Taa ya mwenzako inakupiga machoni. Kitambaa cha vumbi kimefunika mdomo wake. Mashini ya kutoboa mawe inanguruma. Uso huuoni, na sauti inakufikia vipande vipande.

Tena kuna jambo ambalo Étienne Lombard, munganga wa Ufaransa, alilieleza mwaka 1911: mtu akiwa ndani ya kelele, sauti yake inapanda yenyewe, bila yeye kujua. Basi kapita anaita «Toka hapo!» Yeye ana hofu juu yako, kwa maana ameona ukuta wa udongo unaanza kushuka. Wewe unasikia ukali tu. Unafikiri amekutukana. Unasimama ili umjibu, na nukta chache hizo zinaweza kukuua.

NYUMBANI VILEVILE

Baada ya kelele nyingi sikio linakuwa zito. Baba anarudi, anaomba maji kwa sauti kubwa. Mama anasikia hasira. Watoto wanakimbia. Mtoto anasema polepole, baba hajibu, mtoto anafikiri hapendwi. Kumbe hakuna aliyekasirika. Ni masikio yaliyochoka.

Uzito huo ukiondoka baada ya kupumzika, usifikiri umepona kabisa. Ndani ya sikio mna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele ikiviua, haviotei tena, wala hakuna dawa ya kuvirudisha. Sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza, na kwa hiyo maneno ya mama na ya watoto yanakuwa magumu kushika. Wengine wanasema, «Mimi nimekwisha kuzoea kelele.» Hapana! Sikio halizoei. Linakufa.

Mwaka 1998 taasisi ya NIOSH ya Marekani ilipendekeza kipimo hiki: desibeli 85 kwa saa 8, si zaidi. Kila desibeli 3 zikiongezeka, saa zinakatwa nusu. Kwa desibeli 88 ni saa 4. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu. Huna chombo cha kupima? Simama na mwenzako kwa urefu wa mkono. Kama lazima upige kelele ili akusikie, kipimo kimepita.

FANYENI HIVI

1. Vaa vizibo vya masikio mbele ya mashini kuanza, usivitoe mpaka imenyamaza.

2. Una neno zito la kumwambia mwenzako? Zimeni mashini ao tokeni kwenye kelele na vumbi, halafu mtazamane. Inamisha taa yako, usimpige nayo machoni.

3. Kwa hatari, ekipe nzima ipatane juu ya ishara moja ya mkono ao ya taa, pamoja na mlio mmoja wa honi. Jicho na sikio vipate habari ileile. Ukiitwa utoke, toka kwanza. Kuuliza ni baadaye.

4. Mama, unaposema naye kaa mbele yake, penye mwangaza. Usimwite ukiwa nyuma yake. Ukisikia sauti imepanda, muulize kwa upole: «Baba watoto, umekasirika, ao masikio yamechoka?» Na wewe baba, usione haya kujibu kweli.

5. Masikio yakilia, ao yakibaki mazito hata kesho yake asubuhi, nenda kwa munganga. Usingoje mwisho wa mwezi.

Ndugu, tunaweka kofia ili kulinda kichwa na viatu ili kulinda miguu. Tulinde na masikio pia, kwa maana kwa hayo tunajua nani anatuonya na nani anatupenda.

MBELE YA KUKASIRIKA, TAZAMA USO. MBELE YA KUANZA MASHINI, ZIBA MASIKIO.