Dakika Tano kwa Kinywa cha Mzee

Zamani za bunduki za kushindiliwa baruti, kijana aliyekwenda kuandikishwa jeshini huko Ulaya na Marekani hakukaguliwa urefu na kifua tu, bali alikaguliwa na meno ya mbele pia. Risasi na baruti vilifungwa pamoja katika karatasi, na karatasi hiyo ilipasuliwa kwa meno. Asiye na meno hakuweza kuishindilia bunduki yake. Baadaye, katika vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899 hadi 1902, askari wengi wa Kiingereza walishindwa kutafuna biskuti ngumu za jeshi, wakaondolewa vitani. Na mwaka 1921 jeshi hilo likaunda kikosi chake cha waganga wa meno. Twayataja haya kwa kuwa wasomaji wetu wa jeshi na polisi wamezoea kusikia habari za meno zikihusishwa na kijana mwenye nguvu. Leo twazungumza juu ya kinywa cha mtu asiyeweza tena kusimama kwenye gwaride: mzee wa miaka themanini aishiye katika nyumba ya kutunzia wazee, ambaye hata mswaki wake hushikiwa na mtu mwingine.

Lifaalo kufahamika kwanza ni kwamba kinywa si chombo cha kulia tu, ni mlango. Hewa iendayo mapafuni na chakula kiendacho tumboni hupita njia moja hadi kooni, na hapo ndipo vinapoachana. Kijana akipaliwa na mate hukohoa mara moja, yakatoka. Mzee aliyedhoofika, hasa aliyepatwa na kiharusi, hupoteza wepesi huo. Usiku, akiwa usingizini, mate huteremka kidogo kidogo hadi mapafuni, naye hakohoi wala haamki. Kinywa kikiwa safi, huenda mwili ukayashinda; lakini kama meno yamefunikwa na ukoga, ulimi una utando, na mabaki ya chakula cha jioni yangali shavuni, basi mate hayo huwa yamebeba viini tele. Baada ya siku chache mzee ana homa, anahema kwa shida, na daktari anasema ni kichomi, yaani nimonia. Nyumbani watu husema baridi imempata. Mswaki hautajwi na mtu.

Tena dawa nyingi wanazopewa wazee, za shinikizo la damu, za huzuni na za usingizi, hukausha mate. Mate ndiyo maji ya asili ya kuoshea kinywa. Yakipungua, meno huoza upesi kwenye mizizi, pale fizi zilipokwisha kusogea.

Nchi iliyolichukua jambo hili kwa uzito kuliko nyingi ni Japani, ambako takriban watu watatu katika kila kumi wamefikia umri wa miaka 65 au zaidi. Mganga mmoja wa meno wa huko, Takeyoshi Yoneyama, pamoja na wenzake, waliwachukua wazee 417 wa nyumba 11 za kutunzia wazee, wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja liliachwa liendelee na desturi yake. Kundi la pili lilisafishwa kinywa na wauguzi au watunzaji kila baada ya chakula, kwa muda wa dakika tano hivi, na mganga wa meno au msaidizi wake akapita kila wiki palipohitajika. Uchunguzi ulichukua miaka miwili, na habari zake zilitolewa kwa ufupi mwaka 1999, kisha kwa ukamilifu mwaka 2002. Kati ya wazee 182 waliohesabiwa katika kundi la kwanza, 34 walipata nimonia. Kati ya 184 wa kundi la pili, 21. Waliokufa kwa nimonia walikuwa 30 upande mmoja, na 14 upande wa pili.

Twaona hesabu hizo zastahili kusomwa mara mbili. Hapakuwa na mashine wala dawa ya gharama. Palikuwa na mswaki, maji na mtu mwenye subira. Na faida hiyo ilionekana hata kwa wazee wasio na jino hata moja, jambo linalovunja ile imani ya watu wengi kwamba kibogoyo hana cha kusafishwa. Fizi zina viini, na ulimi una viini. Aidha, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Tohoku, mjini Sendai, waligundua kwamba wazee wanaosafishwa kinywa kila siku hurudishiwa kwa kiasi fulani ule wepesi wa kukohoa. Yaonekana kule kuguswaguswa kwa fizi na ulimi huziamsha neva zilizokuwa zimelala.

Wajapani walipata funzo jingine ambalo twadhani litawahusu hasa wasomaji wetu, maana wao ndio huitwa kwanza maafa yanapotokea. Tarehe 17 Januari 1995 mji wa Kobe ulipigwa na tetemeko la ardhi, na watu zaidi ya 6,000 wakapoteza maisha. Baadhi yao hawakufa chini ya vifusi, bali walikufa baadaye, katika kambi za waliohamishwa na hospitalini. Na takriban robo ya vifo hivyo vya baadaye vilitokana na nimonia. Maji yalikuwa haba, meno ya bandia yalikuwa yamebaki ndani ya nyumba zilizoanguka, na wazee walikaa siku nyingi bila kusukutua. Tetemeko la Niigata lilipotokea mwaka 2004, waganga wa meno walikwenda kambini kuwahudumia wazee. Mtu anayepakia lori la misaada huona blanketi na unga kuwa ndiyo mambo makubwa. Boksi la miswaki huonekana mzaha.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba mambo hayakwenda hivyo kila mahali. Huko Marekani, katika jimbo la Connecticut, wazee 834 wa nyumba 36 waliingizwa katika uchunguzi ambamo walipigwa mswaki, wakapakwa dawa ya kuua viini, na kuketishwa wima wakati wa kula. Nimonia haikupungua, na kazi ikasimamishwa kabla ya wakati wake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Katika jimbo la North Carolina, nyumba 14 zenye wazee zaidi ya 2,000 zilijaribu tena, na mwaka 2020 ikatangazwa kwamba nimonia ilipungua katika mwaka wa kwanza, lakini mwaka wa pili tofauti ikatoweka. Sisi hatusomi hapo kwamba mswaki haufai. Twasoma kwamba kazi ndogo ya kila siku huanza kwa nguvu, kisha hulegea msimamizi anapogeuza kisogo. Sajini yeyote aliyewahi kusimamia usafi wa silaha ataelewa bila kufafanuliwa.

Nchini Uingereza wakaguzi wa serikali walizitembelea nyumba 100 za wazee na kutoa taarifa yao mwaka 2019. Zaidi ya nusu ya nyumba hizo hazikuwa na mpango wowote ulioandikwa wa kulinda afya ya kinywa, na karibu nusu hazikuwafundisha watumishi wao kazi hiyo. Nchi yenye fedha, yenye vyuo, yenye waganga! Sweden ilitangulia: tangu mwaka 1999 iliweka utaratibu wa kumfuata mzee alipo na kumkagua kinywa bure kila mwaka.

Sasa kazi yenyewe. Wazee wengi katika nyumba hizo wamepotewa na kumbukumbu. Mtu asiyemjua anapomjia kwa mbele na kumtia kitu kinywani, mzee hufumba midomo, hupiga, na pengine huuma. Hapa nguvu haina faida, na twasema hivi tukijua kwamba wasomaji wetu wamezoea amri kutiiwa. Mtunzaji mwenye ujuzi hukaa ubavuni mwa mzee, humtaja kwa jina, humwonyesha mswaki, kisha humpa aushike mwenyewe huku mkono wake ukiuongoza mkono wa mzee. Akikataa, huachwa, na baada ya nusu saa hujaribiwa tena. Huketishwa wima, kidevu kikiinama kidogo, asije akapaliwa. Mswaki uwe laini, dawa ya meno iwe kiasi cha punje, na maji yawe machache. Mswaki wa mti, tunaouheshimu sana, wamfaa mtu anayejisafisha mwenyewe. Kumsafishia mwingine ni vigumu, kwani waweza kumchoma ufizi.

Meno ya bandia yana habari yake. Mjini Tokyo wazee 524 wenye umri wa miaka 85 na zaidi walifuatiliwa kwa miaka mitatu, na ikaonekana, mwaka 2015, kwamba waliolala na meno hayo kinywani walikuwa katika hatari ya nimonia zaidi ya mara mbili kuliko waliyoyatoa. Yatolewe usiku, yasuguliwe kwa brashi na sabuni, yalazwe katika maji safi, kila seti katika chombo chake chenye jina. Katika nyumba za wazee hutokea mtumishi mwenye haraka akayakusanya yote katika beseni moja. Asubuhi hakuna ajuaye lipi la nani, na wazee hukaa na vidonda kwa kuvalishwa meno ya jirani.

Katika Afrika Mashariki nyumba za namna hii ni chache. Mjini Kampala iko ile ya Nalukolongo, iliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga. Zanzibar yako makao ya Sebleni na Welezo. Na Tanzania Bara serikali inaendesha makao kadhaa. Wazee wetu wengi wako majumbani, na mara nyingi mtoto wao aliyevaa sare yuko kituo cha mbali, anatuma fedha za sukari na sabuni bila kujua nani anamsafisha mama kinywa. Uliza. Na ukipata likizo, chukua tochi utazame mwenyewe: chini ya ulimi, ndani ya mashavu, kwenye fizi za nyuma. Ukiona kidonda kisichopona kwa muda wa wiki mbili, au doa jeupe au jekundu lisilofutika, usingoje likizo nyingine. Mpeleke mzee hospitali akaonwe na mganga wa meno, kwani saratani ya kinywa huanza hivyo, nayo haiumi mwanzoni.