Jiko lilipowaka kuliko zamani: koili, hita na watoto wetu msimu wa baridi

Mbeya. Anayeishi Uyole au Iwambi hana haja ya kuelezwa baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Saa 11 na nusu alfajiri maji ya bomba yanauma vidole, na mtoto anatakiwa awe ameoga, amekunywa uji na yuko barabarani kabla ya saa 1. Ndiyo maana nyumba nyingi za huku, na za Iringa pia, zina kimojawapo kati ya hivi viwili: jiko la koili, lile la sahani ya udongo yenye waya uliojisokota kama springi, au hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Kwetu vipo vyote viwili.

Julai mwaka jana koili ya jiko letu ilikatika. Fundi wa kupita mtaani alilitengeneza kwa dakika 10. Alitoa kipande kilichoungua, akavuta ncha mbili zilizobaki, akazisokota pamoja, akachukua hela yake akaondoka. Jiko likawaka kuliko zamani. Nilifurahi mpaka nikamsifia kwa majirani.

Wiki mbili baadaye mwanangu wa pili, yuko darasa la kwanza, alikuwa peku kwenye sakafu ya saruji iliyolowa. Alishika mkono wa sufuria kuangalia kama maji yamepata moto. Nilisikia sufuria ikianguka kabla sijasikia sauti yake. Maji yalikuwa bado vuguvugu, hilo namshukuru Mungu. Mkono wake ulikufa ganzi mpaka jioni, na hospitali walimpima mapigo ya moyo, wakamwangalia kwa saa kadhaa, ndipo wakaturuhusu.

Jiko lile nililifunga kwenye mfuko nikalipeleka kwa fundi mwingine karibu na soko la Mwanjelwa, mzee wa makamo ambaye meza yake imejaa pasi na redio za watu. Hakulifungua. Aliniuliza kwanza:

“Mama, tangu litengenezwe linawaka zaidi au pungufu?”

Nikamjibu zaidi. Akatikisa kichwa, akachukua bisibisi.

Alichonieleza siku ile sikuwahi kukifikiria, ingawa nimepikia koili tangu niko chuo. Waya wa koili si shaba. Ni mchanganyiko wa nikeli na kromu, waitao nikromu, ambao Mmarekani Albert Marsh aliuandikishia hataza mwaka 1906. Sifa yake ni kwamba unaubania umeme njia mpaka unapata moto na kuwa mwekundu, lakini hauliwi na kutu upesi wala hauyeyuki. Kadiri waya unavyokuwa mrefu ndivyo unavyobania zaidi. Koili ya wati 1,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 inatakiwa isome kama omu 53 kwenye mita ya fundi. Ukiikata robo, inabaki omu 40, na jiko linavuta zaidi ya wati 1,300. Na kwa kuwa moto huo wote sasa umebebwa na waya mfupi, kila sentimita yake inapata joto karibu mara moja na robo tatu ya lile ililoundiwa. Kwa hiyo jiko langu “lililopona” lilikuwa linajiunguza lenyewe, linaunguza waya wa plagi, na linakula LUKU.

Hilo lingetuharibia jiko tu. Lililompata mtoto lilitokana na kitu kingine. Fundi alinionyesha waya wa njano na kijani, ule wa kwenda ardhini, ulikuwa umekatwa na kukunjwa ndani, na plagi ya miguu mitatu ilikuwa imebadilishwa ikawekwa ya miguu miwili. Hapo nilinyamaza, maana plagi ile naijua. Kila asubuhi nilikuwa nachokonoa tundu la juu la soketi kwa kijiti ili iingie. Wasomaji wangapi mna kijiti hicho jikoni? Mguu ule wa juu ndio ambao ungeupeleka umeme ardhini pale koili ilipolegea ikagusa bati la jiko na sufuria. Ulipokosekana, umeme ulimsubiri mtu wa kumpitia, na akatokea mtoto aliye peku kwenye maji.

Koili mpya haifiki bei ya kilo ya sukari. Kuifunga vizuri ndiko kunakohitaji muda, na nilikaa pale kwenye benchi nikatazama, kwa sababu nilitaka kujua nimlipe mtu kwa kazi gani.

Alisafisha kwanza mifereji ya sahani kwa brashi kavu, akatoa mabaki ya uji na maziwa yaliyogandia. Akalaza uzi ndani ya mifereji kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akautoa na kuupima kwa rula. Urefu huo ndio aliovutia koili, taratibu, huku akiishika ncha zote mbili ili pete zitanuke sawasawa. Pete zikibanana sehemu moja, pale ndipo patakapokuwa pekundu kupita kiasi na ndipo itakapokatikia. Ncha za mwisho alizinyoosha, akazikunja mara mbili ili ziwe nene na zisipate moto sana, akazipitisha kwenye shanga za kauri, kisha akazibana kwa skrubu na washa. Hakutumia risasi ya kulehemu, kwani ingeyeyuka siku ya kwanza. Akarudisha waya wa ardhini kwenye bati la jiko na kuweka plagi ya miguu mitatu.

Kabla ya kuchomeka alipima mara mbili. Kwanza kati ya miguu miwili ya chini ya plagi: 54, kwa wati 1,000 ni sawa. Kisha kati ya kila mguu huo na bati la jiko. Hapo mita haikutakiwa kusoma mawasiliano yoyote, na haikusoma. Mzazi, kipimo hiki cha pili kidai. Kinachukua nusu dakika, na fundi ambaye hana mita ya kukifanyia si wa kumpa jiko.

Nyumbani sheria zimebadilika. Plagi inachomolewa kabla ya kuweka sufuria, kabla ya kuipua na kabla ya kufuta. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi, kwa sababu swichi hiyo hukata waya mmoja tu, na kama soketi ilifungwa kinyume koili inabaki na umeme hata isipokuwa nyekundu. Tunakorogea mwiko wa mti. Na tuliongeza kwenye meinswichi kile kikatio ambacho mafundi wanakiita RCD, kinachozima nyumba nzima umeme ukivuja miliampia 30. Kina kitufe cha kujaribia. Tunakibonyeza kila mwanzo wa mwezi, watoto wanagombania zamu.

Bado, kusema kweli, jiko la koili iliyo wazi silipendi tena kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa. Tukipata hela tutanunua lile la sahani iliyofunikwa. Na kama una kijana aliyepanga chumba Kihesa au jirani na chuo cha Mkwawa, muulize anapikia nini na amechomeka wapi. Jiko la wati 2,000 linavuta karibu ampia 9, na eksitensheni nyembamba yenye chaja ya simu, redio na pasi haikutengenezwa kwa mzigo huo. Ikipata moto mkononi, ichomolewe.

Iringa nilikwenda Agosti kumwona dada yangu. Kwake hakuna koili, kuna hita ya ndoo, na mpangilio wake umenishinda. Hita inaning'inia kwenye fimbo iliyolazwa juu ya ndoo, haigusi chini wala ubavu, maana plastiki huyeyuka. Maji yanawekwa kwanza, yanafika kwenye alama, ndipo plagi inaingia. Hita ikiwashwa kavu koili ya ndani inaungua mara moja, na hiyo haitengenezeki. Waya wake umelazwa ndani ya bomba uliojazwa unga maalumu wa kuzuia umeme, kwa hiyo bomba ukipasuka unatupwa, hata fundi akikuapia. Magamba meupe ya chokaa anayatoa kwa kuiloweka kwenye maji ya limao usiku kucha, hita ikiwa imechomolewa. Ndoo ipo ndani ya stoo, na ufunguo wa stoo upo shingoni mwake. Hakuna anayepima maji kwa kidole hita ikiwa bado imechomekwa.

Tulipiga hesabu pamoja. Kupandisha lita 20 kutoka nyuzi 15 mpaka 40 kunataka kama uniti 0.6, na hita ya wati 1,500 inamaliza kwa dakika 25 hivi. Ukinunua LUKU ya 10,000 ukapata uniti 28, ndoo hiyo ni kama shilingi 210. Kwa mwezi ni uniti 18, jambo la kuangalia kwa aliye kwenye kundi la wanaotumia chini ya uniti 75. Hata hivyo ni afadhali kuliko kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hewa ya mkaa haina harufu ya kumwamsha aliyelala.

Kuna kifaa kingine ambacho dada alikuwa nacho kabatini, mashine ya mvuke ya kifua. Tangu kujifukiza kulipovuma mwaka 2020 wengi tumebaki na imani nako. Kwa mtu mzima, sawa. Kumfunika mtoto blanketi na sufuria inayochemka, hapana. Kwa mwinuko wa Mbeya maji huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100, lakini ngozi ya mtoto haioni tofauti, na mvuke hauponyi mafua. Baadhi ya mashine za bei nafuu hazina koili kabisa: zina vipande viwili vinavyopitisha umeme ndani ya maji yenyewe. Ukizidisha chumvi zinatema maji ya moto. Ya dada haikuwa na kifuniko kinachojifunga, akaamua kuiacha huko huko kabatini.

Mtoto akipigwa shoti, usimshike. Zima meinswichi kwanza, au msukume kwa mti mkavu. Akiwa hapumui anza kumsaidia kupumua huku mtu akiita usafiri, na hata akiamka na kucheza mpeleke akapimwe. Akiungua kwa maji, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, vua nguo ambazo hazijagandia, funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali. Dawa ya meno, unga, yai na mafuta ya taa viache dukani.

Wiki iliyopita nilipita tena Mwanjelwa kuchukua pasi. Nikamuuliza yule fundi, yeye kwake anachemshia maji ya watoto kwa nini.

“Gesi, mama,” akasema, akaendelea kufunga skrubu.