Akiba haiozi, lakini tairi la akiba huoza

Vitunguu vinavyovunwa Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, huwa na safari ndefu kabla ya kufika sokoni Nairobi. Magunia hutoka shambani kwa njia za vumbi na mawe, hupanda lami Karatu, hupita Arusha, kisha hubaki takriban kilomita 110 hadi mpakani Namanga. Katika safari hiyo yote kuna kitu kimoja ambacho mara nyingi hakuna anayekikagua: tairi la akiba linaloning'inia chini ya gari.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kukwama usiku nje ya Longido na Canter iliyopata pancha, wakashusha spea na kukuta nayo haina upepo.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, hasara ya namna hiyo si bei ya tairi peke yake. Nyanya huiva kupita kiasi, mteja hununua kwa mwingine, na vibarua walioahidiwa kazi ya kushusha mzigo huondoka. Bima ya Kadi ya Njano ya COMESA nayo haisaidii hapo, kwa kuwa kazi yake kuu ni kufidia madhara yanayompata mtu wa tatu. Tairi ni juu ya mwenye gari.

Huharibika bila kutumika

Spea huanza kuharibika ikiwa bado imefungwa mahali pake. Kwenye malori madogo na pikapu hukaa chini ya bodi, ambako hupigwa mawe, hupokea matope na wakati mwingine huunguzwa na joto la ekzosi. Matope yanayokauka kwenye rimu huleta kutu, na kutu ikifika pale rimu inaposhikana na tairi, upepo huvuja polepole. Spea inayobebwa nje, juu au nyuma ya gari, hupigwa na jua mpaka mpira unapasuka nyufa ndogo ndogo ubavuni.

Mnyororo au waya unaolishikilia tairi nao hula kutu. Ukikatika kwenye mwendo, tairi huanguka barabarani na kuwa hatari kwa bodaboda au gari linalofuata nyuma. Ukikwama kwa kutu, tairi zima kabisa halishuki, na dereva hubaki kulitazama.

Sababu nyingine ni ya kibinadamu. Tairi lililotoboka safari iliyopita hurudishwa chini ya gari kwa ahadi ya kuzibwa kesho. Kesho mzigo hupatikana, gari huondoka, na pancha husahaulika hadi itakapohitajika.

Dakika kumi kabla ya kupakia

Ukaguzi ufanyike gari likiwa tupu, maana magunia yakishapangwa hakuna atakayekubali kuyashusha. Utingo ashushe spea chini kabisa, aone kama mpini wa kuishushia, jeki na wilispana vinafanya kazi. Maji ya sabuni yapakwe kwenye vali na pembeni mwa rimu. Mapovu yakitoka, upepo unavuja. Spea ijazwe hadi kiwango cha juu kinachotakiwa gari likiwa na mzigo, kwani kupunguza upepo njiani ni rahisi kuliko kuutafuta.

Umri nao una alama yake. Ubavuni, mwishoni mwa msururu unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kampuni kubwa za matairi hushauri tairi lisitumike zaidi ya miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama kashata zake hazijalika. Anayenunua la mtumba asome namba hizo kabla ya kuvutiwa na weusi unaong'aa.

Si kila tundu huzibika. Tundu dogo la msumari kwenye kashata huzibwa, na kiraka cha ndani ni salama zaidi kuliko kuchomeka uzi kwa nje. Ubavu uliopasuka hauna dawa. Kuweka tyubu ndani yake ni kuahirisha mlipuko. Kwa malori yenye rimu ya vipande inayofungwa kwa ringi, kazi ya kujaza upepo aachiwe fundi mwenye kizuizi, na watu wasisimame mbele yake. Ringi ikifyatuka huua.

Wenye magari madogo yaliyotoka Japani wawe waangalifu pia. Mengi huja na spea nyembamba iliyoandikwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Hiyo ni ya kumfikisha dereva kwa fundi, si ya kubeba shehena ya mitumba hadi mwisho wa safari.

Likigoma njiani

Gari litolewe barabarani na pembe tatu za tahadhari ziwekwe mapema. Dereva anayevuka Rusumo kutoka Tanzania akumbuke kwamba Rwanda huendesha upande wa kulia, hivyo bega la kusimamia nalo hubadilika. Kuendelea kutembea bila upepo huua tairi na rimu pamoja. Ni nafuu kulipandisha tairi kwenye bodaboda hadi kwa fundi wa pancha, mtu mmoja akibaki kulinda mzigo.

Kwa shehena zinazopita nchi kwenda nyingine chini ya lakiri ya forodha, kuna mtego mkubwa zaidi. Hasira za kuchelewa zisimfanye mtu avunje lakiri na kuhamishia mzigo kwenye gari la jirani. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, lakiri haiguswi bila ruhusa ya forodha. Apigiwe simu wakala, naye aitaarifu forodha kabla ya gunia hata moja kushushwa. Pancha ya saa mbili inaweza kugeuka kesi ya miezi.

Wafanyabiashara wengi hukagua makaratasi mara tatu kabla ya kufika mpakani: cheti cha uasili, ankara, pasi ya kusafiria. Spea istahili kuangaliwa walau mara moja, siku ile ile, kabla gunia la kwanza halijapanda garini.