Butembo: Mizani ya gramu kwa kazi za nyumbani, namna ya kuijaribu mbele ya kulipa

Kilo moja ya mafuta ya mawese inahitaji karibu gramu 141 za soude ili igeuke sabuni. Wenye kuzoea kazi hupunguza kidogo, wanaweka 134 hivi, ili mafuta kidogo yabakie na ngozi isikauke. Ukiweka 115, sabuni inabaki laini na yenye mafuta, haiuziki. Ukiweka 160, inatoka ngumu na nzuri kwa macho, lakini inachoma mikono ya mama anayefua. Kati ya sabuni nzuri na ile inayochoma kuna vijiko vitatu au vine vya chai.

Hapo ndipo shida ya kopo inaanzia. Wamama wengi wanaotengeneza sabuni nyumbani bado wanapima soude kwa kopo au kwa glasi. Soude ya vipande na ile ya punje hazijazi kopo kwa uzito mmoja. Tena mafuta ya kokwa za mawese yanaomba soude nyingi zaidi, karibu gramu 176 kwa kilo. Kopo halijui mambo hayo. Anayeoka mikate na keki anakutana na shida ileile kwa levire na chumvi.

Mizani ndogo za umeme zimejaa sokoni, na muuzaji atakuonyesha kwanza namba kwenye kioo. Usidanganywe na ile nukta ya mwisho. Mizani inayoandika 134,2 si lazima iwe ya kweli kuliko inayoandika 134. Ya kwanza niliyonunua mimi ilikuwa inaonyesha sehemu ya kumi ya gramu. Nilipima pakiti moja ya soude mara tatu, nikapata 131, halafu 137, halafu 134. Nilikuwa nimelipia namba tu.

Kwa hiyo jambo la kwanza dukani ni kuweka kitu kimoja mara tano, ukikiondoa kila mara. Namba irudi ileile, au ipishane kwa tarakimu moja ya mwisho tu. Halafu kisogeze kitu hicho kwenye pembe zote za sahani. Mizani mbaya inatoa uzito tofauti pembeni na katikati. Muuzaji akikasirika kwa sababu unajaribu sana, nenda kwa jirani yake.

Jambo la pili ni kujua kama namba hiyo ni ya kweli, na hapa mfuko wako unaweza kusaidia. Noti ya dola ya Marekani ina uzito wa gramu 1 hivi, iwe ya dola 100 au ile ya dola 1 ambayo watu wanaikataa kila siku. Weka noti kumi, mizani iseme 10 au karibu sana. Chagua zilizo safi, maana noti iliyochakaa na kujaa jasho inaongeza uzito wake. Asiye na noti kumi achukue sindano ya duka la dawa, ile ya mililita 20 isiyo na shindano. Weka kikombe kikavu juu ya mizani, bonyeza TARE irudi kwenye sifuri, kisha mwaga humo maji ya sindano tano. Ni gramu 100, au pungufu kidogo sana.

Kuna kosa moja linalosumbua hata mizani nzuri. Ukianza kwenye sifuri na kunyunyiza levire kidogo kidogo, kioo kinaweza kubaki 0 huku levire inaongezeka. Mizani nyingi zimetengenezwa zijirudishe zenyewe kwenye sifuri zinapoona badiliko dogo sana, zikidhani ni upepo au joto. Mwaga yote kwa mara moja, au usibonyeze TARE: pima kikombe kwanza, kisha ongeza levire juu ya uzito wake na ufanye hesabu ya kutoa.

Kuhusu ukubwa, angalia neno Max lililoandikwa nyuma au pembeni. Kwa mafuta, unga na sukari, mizani ya kilo 5 inayohesabu gramu moja moja inatosha. Lakini usiipimie gramu 3 za levire, kwani kosa la gramu moja hapo ni theluthi nzima. Kwa vitu hivyo vidogo inafaa ile ya mfukoni yenye Max ya gramu 200 au 500, ambayo wanunuzi wa dhahabu wanatembea nayo. Kwa maoni yangu, mizani mbili za bei ndogo ni afadhali kuliko moja ya bei kubwa inayodai kufanya yote.

Tukitaja dhahabu, kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mji wetu uko karibu kabisa na ikweta, tena juu, kwenye mita 1700 hivi. Dunia inavuta vitu kwa nguvu ndogo zaidi hapa kuliko Ulaya. Mizani iliyorekebishwa Ujerumani, ikiletwa hapa bila kurekebishwa tena, itaita kilo moja gramu 996 au 997. Iliyorekebishwa kusini mwa China itapunguza gramu moja hivi. Kwa sabuni hiyo si kitu, ni nusu ya gramu kwenye 134. Kwa mwenye dhahabu ni pesa yake inayopotea. Ndiyo sababu ni vizuri kuchagua mizani yenye CAL, na kununua pamoja nayo jiwe lake la gramu 100 au 200. Unairekebisha palepale utakapoitumia, juu ya meza ngumu isiyotikisika. Usiirekebishe kwa pakiti ya sukari: kilichoandikwa kwenye pakiti si jiwe la mizani.

Uliza pia betri. Zile ndogo za duara haziko katika kila duka, hizi za kawaida za redio ya mkononi zipo hata kwenye kibanda. Betri ikikaribia kuisha, namba zinaanza kucheza. Mizani nyingine zinajizima baada ya dakika moja au mbili, na ukiwa katikati ya kazi unapoteza hesabu yote. Washa dukani, subiri, uone inadumu muda gani.

Soude usiimwage moja kwa moja juu ya sahani ya mizani, na usiitie kwenye chombo cha alumini, kwani inakila. Tumia bakuli la plastiki ngumu. Pakiti ifungwe vizuri, maana soude iliyokaa wazi inavuta maji ya hewani, na hapo unapima gramu 134 ambazo sehemu yake ni maji. Ukimaliza, weka mizani mahali pasipo na kitu juu yake. Yangu ya kwanza ilimalizikia chini ya mfuko wa unga wa kilo 25, usiku mmoja tu, na tangu siku hiyo haikurudi tena kwenye sifuri.