Kasi, Mwendo na Umbali: Kipimo cha Baiskeli na Haja ya Istilahi Bayana

Utangulizi

Usafiri wa bodaboda ulianza kwa baiskeli mpakani Busia katika miaka ya 1960, ukaenea hadi Kisumu. Kwa muda mrefu baiskeli ndiyo iliyobeba abiria kutoka Kondele, Manyatta na Nyalenda hadi katikati ya mji. Ingawa leo pikipiki zimetwaa sehemu kubwa ya kazi hiyo, wapo wafanyakazi na wanafunzi ambao bado huenda shughulini kwa baiskeli. Makala haya yanaeleza kifaa kinachoweza kuwasaidia kufuatilia safari zao, na kuonyesha kwamba manufaa yake hutegemea usahihi wa istilahi.

Namna kinavyofanya kazi

Kifaa chenyewe si kipya. Mmarekani Curtis Veeder alianza kutengeneza kihesabio cha mizunguko ya gurudumu la baiskeli mwaka 1895. Kile cha kielektroniki kinafuata kanuni ileile. Sumaku ndogo hufungwa kwenye spoki ya gurudumu la mbele, na kitambuzi hufungwa kwenye uma unaolishikilia gurudumu hilo. Kila sumaku inapopita, mzunguko mmoja huhesabiwa. Idadi ya mizunguko ikizidishwa kwa mzingo wa gurudumu, umbali hupatikana; umbali ukigawanywa kwa muda, kasi hupatikana.

Kwa hivyo kifaa hakijui barabara. Kinajua mizunguko tu. Mtumiaji ndiye anayekiambia mzingo, na hapo ndipo makosa huanzia. Gurudumu la inchi 28 la baiskeli nyeusi aina ya Black Mamba lina mzingo wa takriban mita 2.24, ilhali lile la inchi 26 la baiskeli ya milimani lina takriban mita 2.05. Mwenye Black Mamba akiingiza kipimo cha inchi 26, safari ya kilomita 10 itasomeka kama kilomita 9.15. Kasi nayo itapungua kwa kiwango hichohicho.

Wastani upi?

Chukulia msafiri wa kilomita 10 kutoka upande wa Kisian hadi mjini. Gurudumu lake limezunguka kwa dakika 40, naye amesimama kwa jumla ya dakika 10. Vifaa vingi husimamisha saa gurudumu linaposimama. Kwa hivyo wastani utasomeka kilomita 15 kwa saa. Lakini kutoka mlangoni hadi kazini ametumia dakika 50, na wastani wake halisi ni kilomita 12 kwa saa. Akipanga saa ya kuondoka kwa kutegemea wastani wa kwanza, atachelewa kila siku.

Rekodi za majuma kadhaa hufunua mengine. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Anayerejea Kisian alasiri huukabili, hivyo umbali uleule waweza kumchukua muda mrefu kuliko asubuhi. Aidha, jumla ya kilomita humwonyesha wakati wa kukagua mnyororo na tairi, badala ya kungoja vikatike njiani.

Suala la istilahi

Katika Kiswahili cha kila siku, neno mwendo hubeba dhana nyingi. Twasema "mwendo wa saa mbili" kwa maana ya muda, "mwendo mrefu" kwa maana ya umbali, na "mwendo wa kasi" kwa maana ya wepesi. Katika mazungumzo, muktadha hutosha kumwelekeza msikilizaji. Kwenye kioo cha kifaa chenye tarakimu tupu, hautoshi. Jina la kifaa nalo lina utata: "mita" ni kifaa na pia ni kizio cha urefu, "tarakilishi ya baiskeli" ni tafsiri sisisi isiyodokeza kazi yake, "kipimamwendo" kinafuata muundo wa kipimajoto, lakini kinarithi utata wa mwendo.

Inafaa basi umbali, muda wa kuendesha, muda wa safari, kasi na wastani wa kasi yatenganishwe, na mzingo usichanganywe na kipenyo.

Hitimisho

Maelekezo ya vifaa hivi aghalabu huandikwa kwa lugha za kigeni. Yakitafsiriwa kwa istilahi tepetevu, msafiri wa Kisumu atapata tarakimu nyingi zisizo kweli. Kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili, kwa hivyo, haiishii darasani. Hufika hadi kwenye usukani wa baiskeli.