Kumtumaini Mungu Maji Yanapozidi Unga

Ndugu msomaji, kumtumaini Mungu wakati mvua imenyesha vizuri na bonasi ya chai ni nene si kazi ngumu. Hata mtoto wa nasari anaweza. Kazi ni siku ile mvua ya mawe inapoteremka, na sisi watu wa Litein tunaijua sana. Chai huchumwa majani mawili na chipukizi, na hayo mateke ndiyo mawe huyatandika kwanza. Kwa dakika chache tu shamba limebaki vijiti vitupu. Halafu mkulima atangoja majuma kadhaa michai ichipue tena, na kwa kuwa bonasi huhesabiwa kwa kilo, hasara ya leo itamrudia tena mwisho wa mwaka, karo ikidaiwa. Hebu mwambie mzazi kama huyo "Bwana asifiwe" uone atakavyokuitikia!

Je, imani huimarika vipi wakati kama huo? Wengi wetu hudhani ni kunyamaza na kutabasamu, ati ukilalamika umemkosea Mungu. La hasha! Someni kitabu cha Ayubu. Baada ya kupoteza mali, watoto na afya, Ayubu aliilaani hata siku aliyozaliwa. Rafiki zake 3 walipofika walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno, na kwa maoni yangu hapo ndipo walipofanya la maana. Walipofungua midomo wakaharibu mambo, wakisema kwamba lazima alikuwa ametenda dhambi fulani. Katika sura ya 42 Mungu anawakasirikia wao, na kusema kuwa Ayubu ndiye aliyenena sawasawa. Kwa hivyo malalamiko yanayopelekwa kwa Mungu mwenyewe ni maombi pia. Zaburi ya 88, kwa mfano, inaanza kwa kilio na kuishia gizani, wala haina mstari wa furaha mwishoni kama zaburi nyingine za maombolezo. Hata hivyo iliwekwa katika Biblia, na haikuwekwa kwa bahati mbaya.

Jambo hili si la zamani tu. Mnamo tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, kaunti yetu hii ya Kericho, lori liliacha barabara likagonga matatu, bodaboda na wachuuzi waliokuwa wakitafuta riziki kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Mtu anayeiambia familia ya marehemu kwamba wangeomba zaidi hayo hayangetokea, huyo ni rafiki wa Ayubu aliyekwisha kufungua mdomo. Afadhali achukue debe la maji na kuni apeleke kule matangani, manake watu wanaolia nao hula.

Wala sisemi hivyo kwa mzaha. Nabii Eliya alipochoka na kuomba afe, kama tunavyosoma katika 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Safari ya kwenda Horebu ilifuata baadaye. Ndiyo maana jirani anayeleta maziwa ya mursik kwa mgonjwa, au anayechangia bili ya hospitali, anaijenga imani ya mwenzake kuliko sisi tunaopiga kelele kwenye kesha halafu tunapita mlango wake kimya.

Nasi wanachama wa chama cha Kiswahili tuna mtu wetu wa kukumbuka hapa. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwezi wa Mei 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mkewe alikufa, na mtoto wao mchanga wa kike pia, huku yeye mwenyewe akiwa hoi kwa homa. Angeweza kupanda jahazi arudi kwao, na nani angemlaumu? Alibaki. Mwaka wa 1846 yeye na mwenzake Rebmann walianzisha misheni kule Rabai, na mwaka wa 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kikachapishwa. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki.