Kampuni Changa za Afya Mtandaoni na Maneno Yanayomfikia Mgonjwa

Wahitimu wa vyuo vya afya wamekuwa wakiungana na wenzao wa fani ya kompyuta kuanzisha kampuni changa zenye kutoa huduma za afya kwa njia ya mtandao. Zipo zinazomkumbusha mjamzito tarehe ya kliniki, zinazomfuatilia mwenye kifua kikuu au kisukari akiwa nyumbani, na zinazomwezesha mgonjwa kumuuliza mhudumu swali bila ya kupanga foleni. Kwa mhudumu, huduma hiyo ni ukurasa wa tovuti anaoufungua kwenye kompyuta ya kituo. Kwa mgonjwa, mara nyingi ni ujumbe mfupi tu, tena kwenye simu ndogo isiyo na intaneti. Hajui seva iko wapi wala nani aliandika programu. Anachokiona ni yale maneno machache. Makala haya yanaeleza jinsi huduma ya namna hiyo inavyojengwa, na zaidi yanahusu usimamizi wa maandishi ya timu inayoijenga, kwa kuwa hapo ndipo nilipowahi kushuhudia mgonjwa akiumia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mshauri wa kitabibu wa timu ya vijana watano. Walijenga mfumo ambao mhudumu akishaandika dawa, mgonjwa hupokea maelekezo kwenye simu. Asubuhi moja alirudi kwetu mwanamume aliyekuwa ametibiwa jipu la jino, shavu limevimba kuliko siku ya kwanza. Alikuwa amepewa vidonge 15 vya amoksisilini, vya siku tano, naye alikuwa ameingia siku ya tano. Mfukoni mwake vilikuwamo vidonge 11. Nilianza kumsomea somo la kutozembea dawa. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akatoa simu akanionyesha ujumbe wetu: "Kunywa kidonge 1 kila saa 8." Kila siku ilipotimu saa 8 mchana alikuwa amemeza kidonge kimoja, bila kukosa hata siku moja. Alikuwa mtiifu kupita wagonjwa wangu wengi.

Maneno yale yalikuwa tafsiri ya agizo la daktari lililoandikwa kwa Kiingereza, lenye maana ya kidonge kimoja kila yanapopita masaa manane. Kwa msemaji wa Kiswahili, saa 8 ni wakati wa siku unaojulikana, baada ya adhuhuri. Programu haikukosea, ilituma ilichoambiwa, kwa namba sahihi, kwa wakati. Tulipochunguza nani aliandika sentensi ile, kila mmoja alidhani ni mwenzake. Mtaalamu wa programu aliiweka kwa muda wakati wa majaribio akitumaini daktari ataipitia. Daktari, yaani mimi, nilipitia majina ya dawa na vipimo vyake, nikaona yako sawa. Sentensi haikuwa na mwenyewe.

Marekebisho hayakuhitaji fedha. Tuliandika: "Kunywa kidonge 1 mara 3 kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku." Hazifiki herufi 80, na ile saa 8 iliyomponza mgonjwa bado imo ndani yake, safari hii ikiwa mahali pake.

Kuanza kwa neno kabla ya programu

Makosa ya kampuni changa nyingi ni kuanza na programu na kumaliza na maneno. Mfano mzuri wa kinyume chake unatoka Kenya. Mwaka 2007 na 2008 watafiti wakiongozwa na Dkt. Richard Lester waliandikisha watu 538 waliokuwa wakianza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI katika kliniki tatu, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado. Nusu yao waliendelea na huduma ya kawaida. Nusu nyingine kila juma walipokea ujumbe wa neno moja: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", na yule aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2010. Waliosema kwamba walitumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi la ujumbe na asilimia 50 katika kundi la kawaida. Waliofikia kiwango cha virusi kufubazwa walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Kazi hiyo, inayojulikana kwa jina la WelTel, baadaye ilikua ikawa mfumo wa wavuti uliotumika hata Canada. Lakini kiini chake hakikuwa mfumo. Kilikuwa ni neno lililochaguliwa vyema na mhudumu aliyekuwa tayari kupiga simu.

Tulitazame neno hilo kwa makini. Halitaji dawa, halitaji virusi, halitaji hospitali. Ndugu au mwenye nyumba akiliona kwenye kioo cha simu ataona salamu ya kawaida tu. Halimwamuru mtu mzima kunywa dawa kana kwamba ni mtoto. Ni swali, na swali humpa aliyeulizwa nafasi ya kusema. Tena ni la mtaani kidogo, lenye ukaribu, angeulizwa "Je, unaendeleaje na matibabu?" angejibu "vizuri" kama tunavyojibu sote mbele ya koti jeupe. Huenda mzee wa makamo asipendezwe kuulizwa "Mambo?" na kijana wa kliniki, na timu itakayofanya kazi na wazee wa shinikizo la damu yafaa itafute salamu yake yenyewe. Nami ningeanza na "Shikamoo".

Utafiti mwingine wa Kenya, uliofanyika katika kituo cha afya cha Chulaimbo na kuchapishwa mwaka 2011, unaongeza jambo. Watafiti walilinganisha ujumbe wa kila siku na wa kila juma, mfupi na mrefu. Kati ya waliopata ujumbe wa kila juma, asilimia 53 walifikia angalau asilimia 90 ya utumiaji wa dawa katika majuma 48, dhidi ya asilimia 40 ya wasiopata ujumbe. Ujumbe wa kila siku haukuleta manufaa hayo, na kurefusha maneno hakukusaidia kuliko kuyafupisha. Kiongozi wa kampuni changa anayeona fahari kutuma ujumbe mwingi yampasa autafakari utafiti huo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanaoanza ni huu: kabla ya kuajiri mtaalamu wa programu, chukueni wagonjwa ishirini wanaokubali, simu moja na daftari. Andikeni ujumbe kwa mkono, tumeni, rekodini majibu kwa mwezi mmoja. Mtagundua maswali ambayo hamkuyatarajia, na mtajua kama kituo kina mtu wa kuyajibu. Kama hakuna, msimuulize mgonjwa swali. Mtu aliyeandika "Shida" akanyamaziwa ameumizwa mara mbili.

Nani anaandika, na kwa utaratibu gani

Baada ya kisa cha jipu la jino tulikubaliana kwamba mtu mmoja awe mwenye dhamana ya kila neno linalotoka. Tulimchagua muuguzi, si daktari, kwa kuwa ndiye aliyezoea kueleza dawa dirishani na kuona nyuso za wanaoelezwa. Daktari alibaki na dhamana ya usahihi wa tiba. Mtaalamu wa programu alikatazwa kuandika sentensi yoyote ya kumfikia mgonjwa, hata ya majaribio. Alinung'unika, kisha akazoea.

Muuguzi huyo alianza kutunga daftari la maneno. Neno "homa" lilichukua mchana mzima. Kwa Mtanzania, homa ni mwili kuwa na joto. Kwa Wakenya wengi homa ni mafua. Ukimwandikia mama wa Mombasa "mtoto akiwa na homa mlete kituoni," huenda ukajaza kituo kwa watoto wenye makamasi, ilhali mwenye mwili unaowaka akabaki nyumbani. Daftari likaamua: "mwili wa mtoto ukiwa wa moto." "Degedege" nalo lilijadiliwa, kwani pwani wapo wanaoamini kuwa ni la mganga wa kienyeji na halina uhusiano na malaria. Hapo iliamuliwa neno lenyewe litumike waziwazi, pamoja na agizo la kumwahisha mtoto kituoni, maana mama akiona jina jingine hatajua kwamba anaambiwa yeye.

Sarufi pia ni suala la tiba, jambo ambalo sikulitarajia. Mifumo mingi hutumia violezo: sentensi huandikwa mara moja, namba ikaachiwa nafasi. Katika lugha yetu jina na namba huenda pamoja, na kiolezo kisichojua hilo hutoa "Umebakiwa na vidonge 1" au "Mna mtoto 3". Mgonjwa mmoja aliniambia kwamba alipoona Kiswahili cha namna hiyo alidhani ni matapeli, akaufuta ujumbe. Dawa yake ni kuandika violezo viwili, kimoja cha kidonge na kingine cha vidonge, na kuiagiza programu ichague.

Kuhusu saa, kompyuta huanza hesabu usiku wa manane, nasi huanza kunapokucha. Saa 14 ya mashine ni saa 8 yetu. Kanuni yetu ikawa kwamba hakuna namba ya saa isiyofuatwa na asubuhi, mchana, jioni, usiku au alfajiri, na hakuna "kila saa" mahali popote katika maelekezo ya dawa.

Lipo pia suala la gharama. Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160 ikiwa herufi zote ni za orodha ya msingi ya mitambo ya simu. Ikiingia alama moja tu nje ya orodha hiyo, ujumbe mzima hupunguzwa uwezo hadi herufi 70. Sasa, ritifaa iliyonyooka, ile ya kwenye kibodi, imo katika orodha. Ritifaa iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, haimo. Tulipoongeza kwenye ujumbe wetu "Kimeze kizima, usiking'ate," maneno yote yalifika herufi 106. Kwa ritifaa iliyonyooka ni ujumbe mmoja. Kwa iliyopinda ni miwili, na ankara ya mwezi ilipanda bila mtu kujua sababu hadi muuguzi alipoigundua kwenye neno "usiking'ate". Hisia ya mtu anayetuma alama za vicheko na mioyo kwa wagonjwa elfu moja naiachia kampuni yenyewe ikutane nayo kwenye ankara.

Hatua ya mwisho kabla ya ujumbe kuruhusiwa ni kumpa mgonjwa asome, kisha aeleze kwa maneno yake atafanya nini, lini na mara ngapi. Usimuulize "umeelewa?" kwani atasema ndiyo. Watu watano au sita, wakiwamo wasiosoma vizuri ambao husomewa na watoto wao, hutosha kufichua kasoro nyingi. Ujumbe wa "kila saa 8" usingevuka hatua hiyo.

Siri ya mgonjwa na haki zake

Taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti zinazolindwa kisheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo huwataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa kusajiliwa kwenye Tume. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Wanaoanzisha kampuni wasisubiri kukua ndipo wajisajili. Taarifa za watu ishirini nazo ni za watu.

Mgonjwa unayesoma makala haya unayo haki ya kuuliza kabla ya kutoa namba: ujumbe utasema nini, nani mwingine atauona kwenye mfumo, na ukitaka kujitoa utafanyaje. Ukikataa, matibabu yako yasipungue chochote. Ukipokea maelekezo yanayopingana na uliyoambiwa dirishani, usijaribu kuyapatanisha mwenyewe. Piga simu au rudi kituoni ukiwa na simu yako mkononi, kama alivyofanya yule bwana wa jino, ambaye tulimbadilishia matibabu na akapona.

Kwa mhudumu, swali la "namba yako ya simu ni ipi?" lifuatwe daima na la pili: "Simu hii hukaa na nani?" Katika nyumba nyingi simu ni ya mume, ya binti mkubwa au ya jirani, na mama hapewi isipokuwa jioni. Jibu hilo liandikwe kwenye mfumo, na ujumbe wa mtu wa namna hiyo uwe salamu tupu. Kila mgonjwa anapohudhuria aulizwe tena kama bado anatumia namba ileile, maana laini isiyotumika kwa muda mrefu kampuni ya simu huigawa kwa mteja mwingine, na huyo ndiye atakayeanza kupokea ujumbe wenu.